Aspirini ya Mama Mkwe

Niliolewa Nakuru nikiwa na miaka ishirini, katikati ya miaka ya hamsini, nikaingia katika nyumba ya vyumba vitatu huko Bondeni. Tulikuwa watatu humo: mume wangu, mimi, na mama yake aliyekuwa mjane. Mume wangu alikuwa karani kwenye ghala la pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Dada yake, wifi yangu, alikuwa ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na hapakuwa na siku aliyokosa kuja kumjulia mama yake hali.

Mama mkwe aliletwa Nakuru kutoka Mombasa akiwa bibi arusi, na ingawa alikuwa amekaa bara zaidi ya nusu ya maisha yake, hakukubali kwamba amehamia. Mimi baba yangu alikuwa mtu wa reli. Nilikulia stesheni ya Longonot, katika nyumba za wafanyakazi, nikicheza na watoto wa makabila yote, na Kiswahili changu kilikuwa cha hapohapo. Wiki ya kwanza nilisema mbele yake, "Hii kitu niweke wapi?" 

"Kitu hiki," alisema. "Wewe ulifunzwa na nani kusema, treni?"

Nilijifunza mapema kwamba kwake jibu zuri lilikuwa ni kutojibu.

Alikuwa na pumu. Haikuwa ya utotoni. Ilimwanza alipokaribia miaka arobaini, na ilianza puani: mafua yasiyokwisha, pua iliyoziba masika na kiangazi. Kisha akapoteza uwezo wa kunusa. Baadaye ndipo kifua kikaanza kubana. Haya alinieleza wifi, maana mwenyewe hakupenda kuyazungumza. Alikuwa na dawa zake: mvuke wa majani ya mkaratusi chini ya shuka, tangawizi na asali, habasoda, na zile sigara za majani zilizouzwa na mkemia wa Kihindi, ambazo alizivuta akiwa amekipa kisogo kibaraza asionekane na wapita njia.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake juu ya kifua kile. Wengine walisema ni baridi inayoshuka kutoka mlima Menengai. Wengine walisema ni magadi. Miaka ile mvua ikichelewa ziwa lilirudi nyuma, likaacha uwanja mweupe, na upepo wa alasiri ukainua vumbi la magadi mpaka mjini. Liliingia kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye unga, kwenye macho. Mume wangu kwa upande wake alilaumu pareto. Wanaume waliogeuza maua makavu kule ghalani walikohoa na kuwashwa ngozi, kwa hiyo yeye alivua nguo zake za kazi uani kabla ya kuingia ndani, nami nilizifua kando na nyingine. Lilikuwa jambo la busara. Lakini halikuzuia kitu.

Mimi nililaumiwa kwa jambo jingine. Nilipika pilau, akala vijiko vitatu, akasukuma sahani.

"Haina harufu," alisema.

Nikaongeza bizari. Nikaongeza iliki, mdalasini, karafuu, mpaka mume wangu akasema chakula kinamkereketa. Mama mkwe alisema bado hakina harufu, na kwamba watu wa bara hawajui kukaanga kitunguu. Ningeweza kumkumbusha kwamba hanusi. Maziwa yaliwahi kuungua hatua mbili kutoka alipoketi, na hakugeuza kichwa. Lakini ni vigumu kumwambia mkweo kwamba kasoro iko puani mwake na si chunguni mwako. Kwa miaka miwili nilipika nikiamini nusunusu kwamba sijui kupika.

Mara ya kwanza kifua kumfunga vibaya mbele yangu ilikuwa siku ya upepo wa magadi. Alikuwa na maumivu ya kichwa tangu asubuhi. Katika kabati la vyombo tulikuwa na chupa ya vidonge vya aspirini, kama nyumba zote za mtaa ule. Mume wangu alimeza akichoka, mimi nilimeza siku zangu zikinisumbua. Mama mkwe hakuwa mtu wa vidonge. Aliamini mafuta ya kupaka. Siku hiyo lakini aliniambia, "Nipe hivyo vyenu," nikampa viwili na maji.

Nilikuwa nikichambua mchele wakati pua yake ilipoanza kutiririka kama maji. Macho yakawa mekundu. Uso na shingo vikaiva. Kisha kifua kikaanza kupiga filimbi, na mabega yakapanda juu kila alipovuta pumzi. Nilimweka karibu na mvuke. Ilichukua mpaka Magharibi kutulia. Wote tulisema ni magadi, na kweli upepo ulikuwa ukivuma.

Mara ya pili ilikuwa baada ya miezi kadhaa. Aling'olewa jino. Wifi alimnunulia vidonge dukani akampa mwenyewe, mbele yangu, maana nilikuwa mkekani nikikunja nguo. Mvua ilikuwa imenyesha siku nzima. Hapakuwa na chembe ya vumbi mji mzima, na mume wangu alikuwa nyumbani tangu juzi yake, kwa hiyo hapakuwa na pareto. Sikuwa nimemaliza kukunja zile nguo pua ilipoanza, yaleyale, kwa mpangilio uleule: pua, macho, shingo, kifua. Nikaweka shuka chini nikamtazama. Nakumbuka niliona jambo lile kwa uwazi kabisa, kama mtu anayeona mchoro wa kitambaa baada ya kukigeuza upande ulio sawa.

Jioni nilimwambia mume wangu.

"Nadhani ni vile vidonge."

"Vidonge vya kichwa vishike kifua?" alisema. "Kila mtu anavimeza. Mimi navimeza. Wewe unavimeza."

"Mama si sisi."

"Basi nenda ukawe daktari," alisema, bila ubaya, akarudi kwenye gazeti lake.

Mlango ulikuwa wazi, na wifi alikuwa bado uani akivaa viatu. Alirudi ndani na kiatu kimoja.

"Unasema nimemlisha mama yangu sumu?"

"Sikusema sumu."

"Umesema ni vile vidonge. Vidonge nimevinunua mimi, nimempa mimi."

"Hata mimi nilimpa, siku ile ya upepo."

"Aa," alisema wifi. "Kwa hiyo wewe ulishampa, ukaona yaliyompata, ukakaa kimya mpaka nimpe mimi?"

Nililia kidogo jikoni, nikaosha uso. Nilijua nilichokiona, na nilijua pia kwamba nikisema tena, nyumba itagawanyika. Tangu siku hiyo sikulitaja tena neno lile. Nilichofanya ni kuiondoa chupa kutoka kabati la vyombo na kuificha ndani ya sanduku langu, chini ya kanga. Nilidhani inatosha. Nikiyatazama mambo haya leo, naona kwamba nilichagua amani yangu mwenyewe, na kwamba mwingine alikaribia kulipa kwa ajili yake.

Kisha yakaja mafua makubwa. Yalikuja na watu wa treni, ndivyo tulivyosema, na kwa wiki chache mji ulilala. Maduka yalifunguliwa na watoto wa wenye maduka, kwa sababu wakubwa walikuwa kitandani. Mume wangu aliugua kwanza, akapona, akarudi kazini akiwa mwembamba. Halafu tukaanguka siku moja mimi na mama mkwe. Mifupa iliuma kana kwamba nimepigwa. Nililala chumbani kwangu, yeye chumbani kwake, na jirani yetu, mama mmoja mwema ambaye hakupungukiwa na nguvu hata mafua yale yalipompitia, alikuja kutupikia uji.

Jirani hakujua lolote. Alimkuta mama mkwe ana homa kali na kifua kimeshaanza kubana, maana mafua yoyote yalikuwa yakimshuka kifuani. Akafanya alichowafanyia wanawe: akaponda vidonge, akavikoroga ndani ya chai ya tangawizi, akamnywesha. Akaniletea na mimi kikombe changu. Nilikunywa, nikasikia uchungu chini ya sukari, nikaujua.

"Umetia nini?"

"Dawa ya homa tu. Nimeleta kutoka kwangu."

"Na Mama umempa?"

"Nimempa kwanza yeye, ni mtu mzima."

Niliinuka nikishika ukuta. Mama mkwe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono miwili imekaza godoro. Pua ilikuwa imeanza. Safari hii haikupanda hatua kwa hatua. Kifua kilikuwa kimeshadhoofishwa na mafua, na kilifunga haraka sana. Filimbi ilisikika kutoka mlangoni, kisha ikapungua. Jirani alifurahi, akasema, "Naona inatulia." Mimi niliona midomo yake imegeuka ya kijivu. Haikuwa inatulia. Hewa haikuwa inapita kiasi cha kupiga sauti.

Ilikuwa saa nane mchana. Jirani alikimbia barabarani akapata gari la kubebea maziwa, lililokuwa likirudi tupu kutoka mjini, na dereva, Mkalenjin mmoja mrefu ambaye sikumwona tena maishani, akamtoa mama mkwe ndani akiwa amembeba kama mtoto. Wifi alitukuta njiani akapanda bila kuuliza. Karibu na hospitali kulikuwa na kizuizi cha askari. Ilikuwa bado miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau. Askari alitaka kipande cha dereva, kile kitambulisho cha Waafrika. Dereva alimwonyesha nyuma kwa kidole gumba.

"Angalia huyo mama kwanza, ndio uniulize kipande."

Askari aliangalia, akainua mti wa kizuizi.

Hospitali ilikuwa imejaa watu wa mafua mpaka kwenye veranda. Walikaa sakafuni, migongo ukutani, wakikohoa. Aliyetupokea alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, aliyekuwa amechoka sana. Macho yake yalikuwa mekundu, na nadhani na yeye alikuwa na homa. Aligusa paji la uso la mama mkwe, akasema, "Mafua. Wote ni mafua." Akageukia sinia lake, ambalo lilikuwa na vikombe vidogo vya dawa iliyokorogwa, nyeupe, akachukua kimoja.

"Hii ni ya kushusha homa. Mshike kichwa anywe."

"Ni aspirini?" niliuliza.

"Ndiyo."

"Usimpe."

Alinitazama kwa namna ambayo watu waliochoka humtazama mtu anayewaongezea kazi.

"Wewe mama, mimi nimepea watu mia hii dawa leo. Kwa nini unakataa?"

"Amekunywa nyumbani. Ndiyo imemfanya hivi. Hii ni mara ya tatu."

"Wewe ndio daktari?"

Wifi alikuwa amesimama kando yangu. Nilijua kila neno ninalosema analisikia. Dresa alinyoosha kikombe kuelekea mdomo wa mama mkwe, na mimi nikakipokea kama mtu anayetaka kumsaidia, nikakimwaga sakafuni. Nilikuwa sijawahi kufanya kitendo cha namna hiyo mbele ya mtu yeyote.

Dresa alipandisha sauti. Kelele zile ndizo zilizomleta daktari, Mzungu wa makamo, mikono ya shati imekunjwa. Hakuuliza kuhusu sakafu. Alimtazama mama mkwe mara moja, akasema neno, na dresa, ambaye hata hivyo alikuwa mtu wa kazi, alikuwa ameshajaza sindano kabla neno halijaisha. Ilikuwa adrenalini, dawa ya kufungua kifua. Walimchoma chini ya ngozi ya mkono, kidogo kidogo. Tulisimama tukiangalia mabega yake. Baada ya muda filimbi ikarudi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilifurahi kuisikia.

Baadaye daktari alinigeukia. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, cha kuamrisha, lakini aliuliza polepole.

"Nani nasema mambo ya aspirini?"

Wifi hakunionyesha kwa kidole. Nilijitokeza mwenyewe. Nikamweleza: siku ya upepo, siku ya jino, leo. Aliuliza ilichukua muda gani. Nikasema chini ya saa moja, mara zote. Aliuliza juu ya pua. Kisha akachukua tochi, akainua ncha ya pua ya mama mkwe, akachungulia tundu moja, kisha la pili. Akaniita nitazame. Ndani kulikuwa na vitu laini, vyeupe-kijivu, kama zabibu zilizomenywa.

"Hii mama nasikia harufu?"

"Hasikii," nilisema. "Miaka mingi."

Alitikisa kichwa kuitikia, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokwisha kulijua. Akamwambia dresa kwa Kiingereza, na dresa akanitafsiria: kuna watu wachache ambao pua yao ina vinyama hivyo na kifua chao kina pumu, na hao aspirini ni adui yao. Si kwamba dawa ni mbovu. Ni kwamba mwili wao umeikataa. Halafu dresa akaongeza la kwake mwenyewe, akitazama sakafu iliyolowa, "Ulifanya vizuri, mama."

Njiani kurudi, wifi alitembea hatua kadhaa mbele yangu.

Mama mkwe alikaa hospitali zaidi ya wiki moja, na kifua hakikufunguka sawasawa. Kilipata nafuu kwa sindano, kikabana tena. Ndipo daktari alipoleta vidonge vidogo vya dawa mpya. Dresa aliiita kotizoni, ingawa nadhani ilikuwa mojawapo ya ndugu zake. Alisema inatoka mbali na haipewi kila mtu, kwamba hushusha uvimbe wa ndani, na kwamba ina masharti mawili: asiiache ghafla, na akipata ugonjwa wowote wa kuambukiza aje aseme. "Hii dawa inafanya mwili ulale usingizi," alinieleza. "Haupigani na pumu, na haupigani na ugonjwa mwingine." Nimesikia maelezo marefu zaidi tangu wakati ule, kutoka kwa watu wenye shahada. Hakuna yaliyonisaidia kuliko hayo.

Siku ya tatu ya vidonge hivyo alipanda ngazi za hospitali bila kusimama. Siku ya sita tukamrudisha nyumbani. Nilipika pilau kwa sababu wageni walikuwa wakija kumwona, na nilipokuwa nikikaanga kitunguu nilisikia hatua nyuma yangu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mkono juu ya mwimo.

"Umetia nini humo leo?"

"Kile kile, Mama. Kama siku zote."

Alisogea mpaka karibu na chungu. Aliinamisha uso juu ya mvuke, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa kawaida kwa mtu mwenye heshima zake. Nilidhani kifua kimeanza, nikamsogezea kiti. Alipoinua uso ulikuwa umelowa.

"Karafuu," alisema. Kisha, "Na siku zote hizi ulikuwa unatia karafuu?"

"Nilikuwa natia, Mama. Nyingi kupita kiasi."

Hakuniomba msamaha, wala sikuutarajia. Alikula sahani mbili. Siku zilizofuata alizunguka nyumba akinusa: sabuni ya kufulia, udongo uliopata mvua, kichwa cha mtoto mdogo wa wifi, kanga zake za zamani ndani ya sanduku, hata nguo za mume wangu za ghalani, ambazo alisema zina harufu ya majani machungu, na akashangaa kwamba amekaa na pareto miaka yote hiyo bila kujua inanukaje.

Ile dawa ilikuwa na upande wake wa pili. Uso ulimjaa ukawa wa duara, mashavu yakang'aa. Wanawake waliokuja walimsifu kwamba amenawiri. Alikula bila kushiba. Hasira zikamjia na kumtoka kwa dakika. Na mwezi wa pili ulipokaribia kwisha akaanza kulalamika ubavu, upande mmoja, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Siku ya pili yakatoka malengelenge, yamejipanga kutoka mgongoni mpaka chini ya titi, kama mshipi. Ulikuwa mkanda wa jeshi. Nimepata kuona watu waliougua mkanda kabla na baada yake, lakini sijaona uliotapakaa kwa kasi ile.

Nilikumbuka sharti la pili, na safari hii sikusubiri ruhusa ya mtu. Nilimpeleka hospitali asubuhi hiyohiyo. Wifi alikuja nasi, na ndiye aliyemwambia dresa, kabla sijafungua mdomo, "Anakunywa vile vidonge. Mlisema tuseme."

Daktari alikunja uso. Alieleza kwamba mkanda ni tetekuwanga ya utotoni iliyojificha mwilini, na kwamba dawa ya kifua imewalegeza walinzi, nayo ikapata njia ya kutoka. Lakini hangeweza kuikata dawa siku moja, maana mwili uliokwishaizoea ungeanguka. Akaandika mpango wa kuipunguza, robo kwa robo, wiki kwa wiki, na badala yake vidonge vya efedrini kwa ajili ya kifua.

"Na pua?" mama mkwe aliuliza. Ndilo swali pekee alilouliza.

Daktari alikunja karatasi ya mpango, akanipa. "Pua tarudi kama zamani, labda. Pole, mama."

Maumivu ya ubavu yalimchukua majuma mengi. Harufu ilimtoka taratibu wakati huohuo. Hakuomboleza. Aliniambia tu, siku tofauti, kama mtu anayetoa taarifa: leo sabuni imekwenda, leo kahawa siipati ila nikiisogeza puani. Karafuu ilibaki karibu mwisho. Baada ya hapo aliendelea kula pilau yangu, na wageni wakija aliwaambia, "Huyu anajua kupika, nimeinusa mwenyewe," kama shahidi aliyeapishwa.

Majuma mawili au matatu baada ya mkanda kujitokeza, yule mtoto mdogo wa wifi, aliyekuwa akipenda kulala mapajani mwa bibi yake, aliamka na homa, na jioni akawa na vipele vya maji kifuani. Hatukuwa tunajua kwamba mkanda wa mtu mzima unaweza kumpa mtoto tetekuwanga. Kesho yake wifi alikuja kwetu saa nne asubuhi, mtoto begani, chupa mkononi. Ilikuwa aspirini.

Alisimama uani. Hakuingia ndani.

"Wifi," alisema, "ana homa kali. Nimpe, nisimpe?"

Hakuwa ameniita wifi tangu siku ya jino. Alikuwa akisema "wewe", au alimtuma mtu.

Mimi sikuwa daktari. Mtoto hakuwa na pumu, hakuwa na vinyama puani, na kwa yote niliyoyajua dawa ile ingemsaidia kama ilivyowasaidia watoto wengine wa mtaa. Sikuwa na sababu isipokuwa kwamba nilikuwa nimeona mara tatu, na nilikuwa naiogopa ile chupa.

"Usimpe," nilisema. "Tumpanguse kwa maji. Tukae naye."

"Una hakika?"

"Sina."

Akaiweka chupa juu ya karo la kufulia, akaingia ndani. Tulimlaza mtoto kwenye mkeka, tukampangusa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, tukampa maji ya mchele kwa kijiko. Mama mkwe aliketi kitini akitoa maagizo ambayo hatukuyafuata. Siku tatu zilipita hivyo, homa ikipanda na kushuka, kisha ikashuka isipande tena. Mtoto alijikuna, akabaki na kovu dogo juu ya nyusi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, daktari kijana aliniambia kwamba siku hizi watoto wenye tetekuwanga au mafua hawapewi aspirini kabisa. Kuna ugonjwa mbaya wa ubongo na ini ambao huweza kuwapata, mara chache, lakini huwapata. Wakati wetu hakuna aliyekuwa akijua, hata madaktari. Nilimweleza kisa hiki, akasema nilikuwa na akili. Nilimwambia haikuwa akili. Niliogopa, na woga ukaangukia mahali pazuri; ungeweza pia kuangukia pabaya.

Mama mkwe aliishi miaka tisa baada ya mafua yale. Kifua kilimsumbua hadi mwisho, kwa kipimo alichoweza kukivumilia, na hakikumuua. Alifariki kwa moyo, alasiri moja, baada ya kusali. Kwenye kumwosha tulikuwa watatu: wifi, mimi, na jirani yule aliyetuletea chai ya tangawizi, ambaye mpaka wakati huo hatukuwa tumemwambia jinsi kikombe kile kilivyomdhuru Mama. Wifi alikuwa amekataza aambiwe. Alisema mtu huyo alikuja na uji wakati mji mzima umelala, na hilo ndilo la kukumbukwa. Nilikubaliana naye. Tulimmwagia maji mama yetu, upande wa kulia kwanza, na makovu ya mkanda yalikuwa bado yanaonekana ubavuni, madoa meupe yaliyojipanga.